Hostingi ya pamoja au VPS? Ulinganisho kwa mwenye tovuti Dodoma, siku seva ikigoma na spamu ikibisha hodi

Ilikuwa Mei, Bunge la bajeti limepamba moto na vyumba mjini havipatikani. Mama mmoja mwenye lodge Kisasa akanipigia simu saa moja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka: "Marahaba mwanangu. Wale watu wa semina wamechukua ukumbi kwingine. Wanasema sikuwajibu, na mimi profoma nilituma!"

Alituma kweli. Profoma ya vyumba kumi na viwili na ukumbi wa siku tatu ilikuwa imeondoka siku nne kabla, na ilifika. Ila ilifikia kwenye folda ya spamu ya ofisa manunuzi, na hakuna aliyeifungua hadi nafasi ikapita.

Tovuti yake haikuwa na tatizo. Ilifunguka upesi, picha zilionekana, ramani ilikuwepo. Kilichoharibika ni sifa ya seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti na barua zake. Alikuwa kwenye hostingi ya pamoja, akitumia anwani moja ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) na tovuti nyingine nyingi asizozijua. Mojawapo ilidukuliwa, ikamwaga barua za utapeli usiku kucha, na anwani ile ikaingia kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu. Kosa la jirani, hasara ya mama.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achukue hostingi ya pamoja au VPS, sianzi na bei wala kasi. Naanza na mambo mawili: seva ikigoma saa nane usiku nani ataamka, na barua zako zinatoka kwa jina la nani.

Unachonunua hasa

Hostingi ya pamoja ni akaunti moja ndani ya seva yenye akaunti nyingi, mara nyingi ukipewa cPanel, paneli ya kuendeshea akaunti yako. Ni kama chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi wenye mita moja ya LUKU: mmoja akiwasha jiko la umeme, wote mnaumia. Ndiyo maana watoa huduma wazuri humwekea kila mpangaji mgawo wake. Kuisasisha seva, kuilinda na kuiwasha ikizimika ni kazi yao.

VPS (virtual private server) ni sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yako. Una RAM (kumbukumbu) yako, anwani yako ya IP na mamlaka yote ya root, yaani msimamizi mkuu. Unakabidhiwa mashine ya Linux tupu, na kuanzia hapo kila kitu ni chako, ikiwemo lawama. Zipo VPS zinazosimamiwa na mtoa huduma, lakini bei yake hupanda, na usimamizi wenyewe hutofautiana sana. Soma mkataba uone kama wanagusa mpaka ndani ya tovuti au wanaishia kwenye mfumo wa Linux.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo muuzaji wa hostingi mara nyingi haitaji: tovuti ikae kwenye mojawapo ya hizo mbili, lakini barua pepe ihamie kwa anayefanya kazi ya barua pepe peke yake. Hiyo nitaitetea kwa nguvu huko mbele.

Tovuti ikigoma

Kwenye hostingi ya pamoja dalili ninayokutana nayo mara nyingi ni kosa namba 508. Maana yake akaunti yako imegonga mwisho wa mgawo wake: CPU (kichakataji), RAM, au idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Seva ni nzima, wewe ndiye uliyeishiwa. Jibu la haraka utakalopewa ni kununua kifurushi kikubwa au kuhamia VPS. Usikubali kabla hujafungua paneli na kuangalia saa ambayo matumizi yalipanda, kisha ukafungua logi ya wageni ya saa hiyohiyo. Mara nyingi utakuta si wateja kabisa. Ni roboti zinazopiga wp-login.php na xmlrpc.php, milango ya kuingilia kwenye WordPress (programu inayoendesha tovuti nyingi), mamia ya mara, zikijaribu nywila. Mistari michache ndani ya .htaccess (faili la masharti ya tovuti) ya kuziba xmlrpc.php (kama hutumii programu ya simu ya WordPress wala plagini, yaani programu ya nyongeza, inayoihitaji) pamoja na plagini ya kashe (inayohifadhi kurasa zilizokwishatengenezwa) imeshaokoa tovuti kadhaa nilizoletewa zikiwa zimeshaandikiwa kuhama.

Kwenye VPS ugonjwa una sura nyingine. Tovuti inaandika kwamba imeshindwa kuungana na database, hazina ya taarifa zake. Ukiwasha upya MariaDB (programu ya database) inarudi, unashukuru Mungu, kesho inaanguka tena. Kwa VPS ya RAM ya GB 1 sababu ni ileile karibu kila mara: wageni wameongezeka, PHP (lugha inayoendesha kurasa za tovuti) imekula kumbukumbu yote, na Linux ikachagua mchakato wa kuua ili mashine isigande. Database ndiyo iliyonona kuliko wengine, ndiyo inayochinjwa. Amri ya dmesg itakuonyesha jina lake na saa ya kifo. Dawa ni kupunguza idadi ya michakato ya PHP inayoruhusiwa kwa pamoja, kuongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), au kununua RAM. Kwa anayejua ni kazi ya dakika ishirini. Kwa asiyejua ni mwezi mzima wa kuzima na kuwasha.

Diski ikijaa, pande zote mbili huwadanganya watu. Kwenye VPS fundi anapiga amri ya df -h, anaona GB kadhaa ziko wazi, anashangaa kwa nini seva haiandiki faili. Apige na df -i. Kila faili hula inodi moja (nafasi ya usajili wa faili kwenye diski), na inodi zinaweza kwisha huku nafasi ipo, hasa foleni ya barua ikiwa imefurika. Kwenye hostingi ya pamoja inodi nazo huwa na kikomo, na seva nyingi huhifadhi kila barua pepe kama faili lake. Sanduku la mhasibu lenye barua za miaka saba linaweza kukuzuia kupakia picha kwenye tovuti, na ukatafuta kosa kwenye tovuti siku mbili.

Kwa hiyo kwenye hostingi ya pamoja unaona nusu ya tatizo na mwenye nyumba anatengeneza nusu iliyobaki. Kwenye VPS unaona lote, na hakuna wa kulitengeneza isipokuwa wewe. Hapa ubora wa msaada kwa wateja unazidi GB zote zilizoandikwa kwenye tangazo. Kipimo changu ni chepesi: kabla ya kulipa, fungua tiketi Ijumaa jioni, uliza swali la kiufundi, mfano kikomo cha barua kwa saa ni ngapi. Atakayejibu Jumatatu mchana ndivyo atakavyojibu siku umeangukiwa.

"Kwangu haifunguki, kwa wengine inafunguka"

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu linapoteza muda wa ofisi nyingi. Shule moja ilinilalamikia kwamba seva imekufa tangu asubuhi. Mimi nikiwa Nkuhungu naifungua vizuri kwa bando la simu. Nilipofika nikakuta kwamba kwa wifi ya ofisi hakuna kinachofunguka, si tovuti, si barua pepe. Ukizima wifi, kila kitu kinarudi.

Siku moja kabla walikuwa wamebadilisha nywila ya barua pepe ya taaluma. Simu ya mwalimu mmoja ilibaki na nywila ya zamani, ikawa inajaribu kuingia kila baada ya dakika chache. Mlinzi wa seva akahesabu makosa, akaona ni mdukuzi, akaifungia anwani ya IP. Na anwani hiyo ndiyo ya shule nzima.

Kwenye hostingi ya pamoja inabidi utafute anwani yako ya IP ukiwa kwenye wifi iliyofungiwa, uiandike kwenye tiketi, usubiri. Ukiandika tu "tovuti haifunguki", watakujibu kwamba kwao inafunguka, na watakuwa wakweli. Kwenye VPS yenye fail2ban (mlinzi wa aina hiyo) ni amri moja na mtu yuko huru, isipokuwa kama aliyefungiwa ni wewe mwenyewe. Hapo ingia kupitia konsoli (dirisha la amri) iliyo kwenye tovuti ya mtoa huduma, na ni vyema uijue kabla ya siku ya kuihitaji.

Kuna jambo la kwetu la kuzingatia. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo unaweza kufungiwa kwa dhambi ya mtu usiyemjua mwenye bando la kampuni hiyohiyo. Ukiwa na VPS weka kifungo kifupi, dakika kumi hadi thelathini, badala ya wiki. Ila usimzime mlinzi. VPS mpya haimalizi hata saa moja kabla roboti hazijaanza kugonga mlango wa SSH, ule wa kuingilia seva kwa mbali.

Spamu: hapa ndipo uamuzi ulipo

Watu husema "tuna spamu" wakimaanisha magonjwa yasiyofanana.

La kwanza ni lile la mama wa Kisasa: barua zako halali zinahesabiwa kuwa takataka. Kwenye hostingi ya pamoja jina lako limefungwa na la majirani. Baadhi ya watoa huduma hupitisha barua zote zinazotoka kwenye chujio kabla hazijaondoka, na hao wana nafuu kubwa; waulize. Wengine hawana chujio, na utajua kwa barua kurudishwa zikiwa na maelezo yanayotaja Spamhaus au orodha nyeusi nyingine.

VPS inaonekana kama jibu, kwa kuwa IP ni yako peke yako. Lakini ilikuwa ya mwingine kabla yako, na unaweza kurithi madeni yake. Ikague kwenye orodha kabla hujasakinisha chochote, na ikiwa chafu omba nyingine siku hiyohiyo. Kisha ujue kwamba watoa huduma wakubwa kama AWS na Google Cloud hufunga mlango namba 25 wa kutuma barua tangu mwanzo, kwa sababu watumaji wa spamu wamezitumia vibaya mashine za namna hiyo kwa miaka. Ukiufunguliwa kwingineko, bado unahitaji rekodi ya PTR inayoonyesha kwamba IP hiyo ni ya jina la seva yako, cheti cha TLS (cha kusimba mawasiliano), na subira, kwa sababu anwani isiyo na historia inatiliwa shaka. Nimeendesha seva za barua na naipenda kazi hiyo. Kwa ofisi ya watu sita, siishauri.

Njia ya tatu, yaani Google Workspace, Microsoft 365, Zoho na wenzao, inakuondolea mzigo huo. Hasara yake ni malipo: unalipia kila sanduku kila mwezi, na bei hufuata dola. Kwa lodge yenye anwani tatu hilo linabebeka. Kwa SACCOS yenye wafanyakazi arobaini linauma, na hapo nashauri wachache wanaowasiliana na wateja ndio wahamishwe, wengine watumie sanduku la pamoja la idara. Shule zisikimbilie kulipa: Google ina kifurushi cha elimu cha bure kwa shule zinazokidhi masharti.

Ukichagua yoyote, rekodi tatu za DNS (daftari la intaneti la domeini yako, yaani jina la tovuti yako) hazikwepeki. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yako. DKIM inaweka sahihi kwenye kila barua. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita mtihani. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza: kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na zote tatu pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja.

Kosa ninalolikuta zaidi ni SPF mbili. Ofisi imehamia huduma mpya, fundi akaongeza rekodi mpya na kuacha ya zamani. Zikiwa mbili ni sawa na kutokuwa nayo, maana mpokeaji anahesabu kwamba kuna kosa. Ziunganishwe ziwe mstari mmoja. La pili ni fomu ya tovuti: barua pepe imehamishwa vizuri, lakini fomu ya kuweka nafasi bado inatuma kutoka seva ya tovuti, ambayo haimo kwenye SPF. Weka plagini ya SMTP (njia ya kutuma barua pepe), fomu itume kupitia mlango 587 kwa nywila, kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Ugonjwa wa pili ni mzito zaidi: mtumaji wa spamu ni wewe, bila kujua. Chanzo ninachokikuta mara kwa mara ni themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) au plagini ya kulipia iliyopakuliwa bure kutoka kwa waliovunja leseni. Ndani yake mmewekwa mlango wa nyuma. Naelewa kwa nini vijana wanafanya hivi, dola sitini si hela ya kuokota, lakini gharama ya kusafisha inazidi hiyo. Kwenye hostingi ya pamoja utaamka ukute akaunti imesimamishwa. Inauma, hasa ukiwa na wageni wanaotafuta vyumba, ila imekuzuia usiharibu zaidi. Kwenye VPS hakuna wa kukusimamisha mapema. Spamu itatoka hadi malalamiko yamfikie mtoa huduma, naye akate mtandao wa mashine yote.

Ukishuku, angalia foleni ya barua kwanza: kwenye cPanel sehemu ya kufuatilia barua zilizotumwa, kwenye VPS amri ya mailq au exim -bpc. Barua elfu kumi usizozijua zinajieleza. Zuia utumaji, kisha tafuta faili za PHP ndani ya folda ya uploads, ambako kwa kawaida hukaa picha na hati. Rudisha bakapu ya kabla ya uvamizi, sasisha kila kitu, badilisha nywila zote pamoja na ya database. Hapo tu ndipo uombe kuondolewa kwenye orodha nyeusi. Spamhaus, iliyoanza 1998, haitozi hela kwa hilo, kwa hiyo anayekuambia ulipe ili akutoe huko anakutapeli. Ukiomba kabla hujasafisha utarudishwa kwenye orodha, na mara ya pili mlango huwa mzito.

Jihadhari pia unapokagua. Watu hukagua IP ya modemu ya ofisini, wanakuta imo kwenye orodha ya PBL, wanachanganyikiwa. Orodha hiyo ni ya anwani za nyumbani na za simu ambazo hazipaswi kutuma barua moja kwa moja. Kuwemo ni kawaida. Kagua IP ya seva.

Spamu inayoingia sina mengi ya kusema: huduma za kulipia huchuja vizuri zaidi, cPanel mara nyingi ina chujio la SpamAssassin unaloweza kulikaza, VPS utasakinisha chujio kama Rspamd mwenyewe. Kwa fomu ya tovuti, Turnstile ya Cloudflare (inayotofautisha mtu na roboti) au kisanduku kilichofichwa ambacho roboti pekee hukijaza hupunguza takataka nyingi kwa siku moja.

Anayeghushi jina lako ni suala jingine, na hapo aina ya hostingi haikusaidii. Mhasibu anapata barua kutoka kwa "mkurugenzi" ikimtaka alipe haraka, dada wa ile SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii". SMS tunaituma 15040, namba ya kuripoti utapeli. Barua pepe inazuiwa na DMARC: anza na p=none (isiyozuia chochote) usome ripoti wiki kadhaa, hakikisha barua zako zote zinapita, kisha panda hadi quarantine (barua iwekwe kwenye spamu) na reject (ikataliwe).

Na tafadhali usinunue orodha ya anwani za barua pepe ili utangaze. Nimeombwa mara nyingi, hasa msimu wa semina. Spamu ya kwanza inayotajwa kwenye historia, ya 3 Mei 1978, ilitumwa na mtu wa masoko wa kampuni ya DEC kwa watu kama 400, naye aliona anatangaza kompyuta tu. Siku hizi itakugharimu domeini yako, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya kuangalia kabla hujagusa anwani za watu.

Seva iwe wapi

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Tovuti iliyoko Ulaya ilikuwa mbali kuliko kawaida; iliyoko Dar es Salaam haihitaji kupita baharini kumfikia mteja wa Dodoma. Kama wateja wako wote wako hapa, hiyo ni hoja. Lakini uliza seva iko wapi hasa, kwa sababu muuzaji kuwa na ofisi Tanzania hakumaanishi mashine iko Tanzania.

Ningechukua ipi

Lodge, duka la vifaa, wakili, chama cha wakulima wa zabibu chenye tovuti ya kurasa kumi: hostingi ya pamoja, barua pepe kando. Sioni sababu ya VPS hapo.

Mfumo wa matokeo ya shule unaofunguliwa na wazazi wote siku moja, duka la mtandaoni lenye oda kila saa, au programu isiyokubalika kwenye cPanel: VPS, kwa sharti kwamba kuna mtu anayelipwa kuiangalia, na bakapu inakaa nje ya mashine hiyo. Kijana wa UDOM anayesaidia akiwa likizo hatoshi. Barua pepe bado kando.

Hostingi ya pamoja yenye barua pepe humo humo naikubali kwa asiyetuma nyaraka za fedha na asiye na namna nyingine, mtoa huduma akiwa na chujio la barua zinazotoka.

Mama wa Kisasa tovuti yake sikuigusa, iko palepale. Nilihamisha masanduku matatu ya barua, nikaunganisha SPF, nikawasha DKIM, na fomu ya kuweka nafasi ikapitishwa mlango 587. Mchana mmoja, pamoja na kusubiri DNS isambae. Kesho yake akatuma profoma nyingine, mara hii kwa shirika lililokuwa na mkutano Mtumba, na nikamwomba ampigie mteja simu palepale amuulize barua imeingia folda gani. Mpaka leo anafanya hivyo kila anapotuma profoma kubwa.